Mfuko wa mchanga hauliokoi gari dogo kwenye theluji

Ndugu Mhariri,

Ule ushauri wa mfuko wa mchanga sasa umefika hadi kwenye safu hii ya barua: mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma apakie kilo mia za mchanga kwenye buti kabla theluji haijaanguka, kisha aendeshe bila wasiwasi. Ushauri huo una asili yake. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, injini yote iko mbele, na magurudumu yanayosukuma hayana cha kuyakandamiza chini. Kwa pikapu, mchanga unafaa. Lakini hapa Minnesota, Marekani, wapo vijana wetu wanaonunua Mazda MX-5, kile kigari cha viti viwili chenye paa la turubai, maana Novemba bei yake hushuka, nao wanabeba ushauri wa pikapu mzima mzima.

MX-5, ambalo yale yanayoagizwa kutoka Japani huitwa Roadster, lilizinduliwa Chicago Februari 1989. La mwanzo halifiki tani moja. Toleo la nne, lililoanza kuuzwa 2015, linazidi tani kidogo tu. Waliolibuni waligawa uzito karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ukitupa kilo mia kwenye buti, unaziweka nyuma ya ekseli ya nyuma, na matokeo yake ni mawili. Pua inainuka, kwa hiyo matairi ya mbele yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki yanapungukiwa na mkandamizo. Na mkia unakuwa kama kichwa cha nyundo mwishoni mwa mpini: ukianza kuzunguka, hausimami kirahisi. Juu ya hayo, breki zina kilo mia zaidi za kusimamisha.

Mzigo unaofaa gari hilo unauzwa kwenye kituo cha mafuta. Tangi la toleo la nne huchukua lita 45, nalo limekaa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Likijaa, ni kama kilo 33 za petroli mahali panapostahili, tena hewa yenye unyevu inakosa nafasi ya kuganda ndani ya tangi. Lisishuke chini ya nusu majira yote ya baridi. Mchanga beba, lakini kilo kumi tu, na si kwa ajili ya uzito. Kazi yake tutaitaja mbele.

Tatizo halisi la gari hili ni matairi. MX-5 nyingi huuzwa na matairi ya kiangazi, na mpira wa matairi hayo hutengenezwa kwa ajili ya lami yenye joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi huanza kukakamaa, theluji iwepo isiwepo. Kwenye baridi kali zaidi unaweza hata kupasuka nyufa ukiendesha au ukilibamiza tairi chini. Asubuhi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, tairi la kiangazi ni kama plastiki ngumu juu ya kioo. Ndiyo maana mtu anasema “hili gari halifai theluji”, na jirani yake mwenye gari lile lile anakwenda kazini kila siku.

Nunua manne ya baridi, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni. Herufi M+S peke yake haitoshi. Hiyo huwekwa kwa kuangalia tu umbo la kashata, yaani mifereji ya tairi, bila tairi kujaribiwa kwenye theluji. Tumesema manne. Anayeweka mawili ya nyuma kwa sababu “ndiyo yanayosukuma” atapata gari linaloondoka vizuri na kukataa kukata kona. Anayeweka mawili ya mbele atapata baya zaidi: pua inashika, mkia unaachia, gari linageuka na kutazama lilikotoka. Misumari ya chuma kwenye tairi isahau, sheria ya Minnesota haimruhusu mkazi kuitumia. Kwa ndugu walioko Montreal, Kanada, kumbukeni kwamba jimbo la Quebec linalazimisha matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi.

Kuhusu upana, wengi hufikiri tairi pana linashika zaidi. Kwenye lami kavu, sawa. Kwenye theluji tairi pana hupanda juu yake kama mtumbwi, jembamba huikata na kuitafuta barabara iliyo chini. Kama toleo lako la nne lilikuja na 205/45 za rimu ya inchi 17, tafuta seti ya pili ya 195/50 za inchi 16, ambazo kiwandani pia huwekwa kwenye gari hilo. Ubavu wake ni mrefu zaidi, hivyo rimu inapona kwenye mashimo yaliyofichwa na theluji. Matoleo ya kwanza, la pili na la nne yana nati nne kwa kipimo cha 4x100. La tatu lina tano, 5x114.3, kwa hiyo usinunue rimu za jirani kabla ya kuhesabu. Kama gari lako lina breki kubwa za Brembo, ijaribu rimu ya 16 juu ya breki kabla hujalipa. Kwa toleo la nne nati hukazwa kati ya Nm 108 na 147 kwa spana ya kipimo, na baada ya kilomita 80 hivi zikazwe tena, kwa sababu chembe ya kutu au barafu iliyobanwa kati ya rimu na habu ikidondoka, nati inabaki imelegea.

Upepo upimwe tairi likiwa limelala nje, si ndani ya gereji yenye joto. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, upepo hupungua karibu psi 1. Tairi lililojazwa 29 kwenye gereji ya nyuzi 20, likitolewa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, litasoma kama 22. Na kashata ikibaki milimita 4, hilo tairi si la baridi tena hata kama sheria bado inaliruhusu.

Sasa kuna hesabu ambayo kila mgeni wa theluji angeibandika kwenye dashibodi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukikanyaga breki kwenye lami kavu gari linahitaji kama mita 12 kusimama. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kama mita 40. Kwenye barafu tupu, karibu mita 100. Hapo hatujahesabu sekunde ya kushtuka. Shusha mwendo hadi 30, na barafu ile ile inataka mita 35. Hesabu hiyo haijali gari linasukumwa na magurudumu gani. Mwenye SUV ya kusukuma magurudumu yote manne anakushinda kuondoka kwenye taa. Kwenye kusimama mnalingana, kwa kuwa kila mmoja ana matairi manne tu yanayogusa chini, na yeye ana tani mbili za kuzuia. Tena barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini, kwani juu yake kuna utando wa maji. Siku yenye “baridi nafuu” ndiyo ya kuogopwa.

Uendeshaji wenyewe unamtaka dereva aliyekulia nyumbani asahau jambo moja hasa. Kwenye tope la masika, anayejua kazi yake hukanyaga mafuta ili tairi lizunguke na kutema tope kwenye kashata, na hapunguzi mpaka atoke. Kwenye theluji tabia hiyo inakwamisha. Tairi likizunguka bure joto la msuguano huyeyusha theluji, maji yanaganda, na sekunde chache baadaye umejitengenezea kishimo cha kioo chini ya kila gurudumu. Ondoka kwa gia ya pili, klachi iachiwe polepole kuliko unavyodhani inafaa, mafuta kidogo mno. Gia ya pili hupunguza nguvu inayofika kwenye tairi, hivyo tairi halishtuki.

Gari la kusukuma nyuma lina mtego wake wakati wa kushusha gia. Ukishuka kutoka ya nne hadi ya pili na kuachia klachi ghafla, injini inayashika magurudumu ya nyuma peke yake, kana kwamba umevuta handbreki katikati ya kona. Mkia unaondoka. Kwa hiyo punguza mwendo kwa breki, gari likiwa limenyooka, ndipo ushushe gia moja moja, ukigusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi ili mzunguko wa injini ulingane na wa magurudumu. Mtego wa pili ni kuinua mguu ghafla kutoka kwenye mafuta ukiwa ndani ya kona: uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unatoka hata bila kuguswa breki. Ingia kwenye kona polepole, kisha shikilia mafuta yale yale mpaka utoke. Kidhibiti mwendo cha otomatiki kisiwashwe kabisa kwenye theluji.

Mkia ukishatoka, kanyaga klachi ili kukata nguvu ya nyuma, usiguse breki, tazama unakotaka kwenda na geuza usukani huko huko. Mkia ukienda kulia, usukani unakwenda kulia. Hilo wengi wanalijua kwa maneno. Wasiloambiwa ni kwamba urefu kati ya ekseli na ekseli kwenye MX-5 ni kama mita 2.3 tu, hivyo linageuka upesi na usukani wake ni mwepesi wa kujibu. Nafasi ya kulidaka ni fupi. Na kosa linalovunja magari si mzunguko wa kwanza, ni wa pili: dereva amegeuza usukani vizuri, matairi yanarudisha mshiko, yeye bado ameshikilia usukani umepinda, na gari linarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Usukani uanze kurudishwa katikati mara mkia unapoanza kurudi, si baada ya kufika. Jambo hilo halijifunzi barabarani. Omba ruhusa ya uwanja mpana wa kuegesha usio na nguzo wala kingo, asubuhi ya theluji, na mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa.

DSC, yaani mfumo wa kuzuia kuserereka, uachwe umewashwa. Matoleo ya zamani mengi hayana, na baadhi hayana hata ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga wakati wa breki. Kwenye hayo, ukisikia magurudumu yamejifunga wakati wa breki, achia kidogo yazunguke ndipo usukani ufanye kazi, kisha kanyaga tena. Mwenye ABS akanyage kwa nguvu na asiinue mguu pedali inapotetemeka. Huko kutetemeka ndiko kufanya kazi kwake.

Difu ya kuzuia gurudumu moja kuzunguka peke yake nayo inasifiwa kuliko inavyostahili. MX-5 za toleo la kwanza zenye injini ya 1.8, kuanzia za 1994, zikiwa na difu hiyo zilipewa ya aina ya Torsen, ambayo hulipa gurudumu lenye mshiko mara kadhaa ya nguvu inayopokelewa na lile linaloteleza. Lakini mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Gurudumu moja likiwa hewani au juu ya barafu tupu, jingine halipati kitu. Dawa yake ni kuvuta handbreki kidogo, meno mawili matatu, huku ukikanyaga mafuta kwa upole: gurudumu linaloteleza linapata upinzani, na lenzake linapata nguvu. Upande wa pili wa shilingi, difu ikifanya kazi vizuri magurudumu yote mawili ya nyuma huteleza pamoja, na kwenye barabara iliyoinama pembeni mkia unashuka taratibu kuelekea mtaroni.

Mpaka wa gari hili kwa kweli ni tumbo lake. Kutoka chini hadi tumboni kuna kama sentimita 13, pungufu kama springi zimekatwa au kubadilishwa. Theluji mpya ikifika sentimita 10 gari huanza kuburuza, na ikizidi hapo linapanda juu yake kama sleji: uzito umebebwa na tumbo, magurudumu yanazunguka bila kukandamizwa. Hakuna tairi wala difu inayotibu hilo. Siku hiyo acha gari, panda basi. Utata zaidi uko kwenye tuta linaloachwa na greda la theluji mbele ya mlango wako, ambalo ni zito na lina mabonge ya barafu yanayoweza kupasua bampa. Lichimbwe lote kabla ya kutoka, lisirukwe kwa kasi. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, kanuni za kuegesha hubadilika kwa siku tatu mfululizo: usiku wa kwanza njia kuu zote ziwe wazi, siku ya pili upande wa namba shufwa kwenye mitaa mingine, ya tatu upande wa namba witiri. Gari dogo likisahauliwa upande usio wake huvutwa, au hufukiwa mpaka wapita njia wasijue kama kuna gari.

Likikwama, kwanza ondoa theluji kwenye bomba la eksozi kabla ya kuwasha injini au kuendelea kukaa ndani. Eksozi iliyozibwa husukuma gesi ya sumu isiyo na harufu ndani ya gari, na chumba cha MX-5 ni kidogo. Kisha chimba chini ya tumbo, siyo mbele ya matairi tu. Watu wengi huchimba nusu saa mahali pasipohusika. Nyoosha magurudumu ya mbele. Hapo ndipo mchanga wako wa kilo kumi unapopata kazi, umwagwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Zima DSC kwa muda, kwani kila tairi likianza kuteleza inakata nguvu na hutasogea. Nenda mbele kwa gia ya pili mpaka gari lisimame lenyewe, kanyaga klachi lirudi, weka rivasi, na hivyo hivyo kama kubembea, kila safari likiongeza nusu hatua. Ukitoka, washa DSC papo hapo. Sepetu fupi iwe kwenye buti pamoja na blanketi, glovu na tochi. Buti la toleo la nne ni kama lita 130, vitaingia.

Matoleo mawili ya mwanzo yalikuja na tairi dogo la akiba. Likilazimika kutumika, lifungwe mbele, hata kama lililopasuka ni la nyuma: hamisha zima la mbele kwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yenye vipimo tofauti huifanya difu ya kuzuia itwangane ndani bila kupumzika, na kwenye theluji gari huvuta upande mmoja kila ukikanyaga mafuta.

Kwenye rejeta, maji matupu ni hukumu ya injini. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kama asilimia 9 na kupasua bloku. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huvumilia hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Anayenunua gari lililotoka kusini mwa nchi alipime kwa kipimo cha kulanti, kinachouzwa dola chache, asitegemee rangi. Mazda za miaka ya karibuni hutumia ile ya FL22 ambayo tayari imechanganywa; usiiongezee maji. Maji ya kuoshea kioo yawe ya kuvumilia nyuzi 29 chini. Betri hupimwa uwezo wa kuwasha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na iliyozidi miaka mitano isisubiri Januari. Kwenye matoleo mawili ya kwanza iko ndani ya buti, ni ndogo, na ina mpira wa kutoa hewa nje unaosahaulika inapobadilishwa.

Handbreki isivutwe usiku baada ya kupita kwenye maji ya theluji. Waya wake huganda na magurudumu ya nyuma hayaachii asubuhi. Acha gari kwenye gia. Turubai lisikunjwe chini ya nyuzi 5, na kioo cha nyuma cha plastiki cha toleo la kwanza hupasuka kama biskuti kikikunjwa kimepoa. Theluji juu ya paa iondolewe kwa brashi laini, siyo kikwanguo. Mipira ya milango ipakwe grisi ya silikoni mwezi Novemba ili isigandamane na vioo.

Chumvi inayomwagwa barabarani huacha kuyeyusha vizuri barabara ikishuka kama nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo barabara nyeupe kwa chumvi siyo lazima iwe salama. Lakini kula chuma haiachi. Adui wa MX-5 za kwanza na za pili ni kutu ya kizingiti cha chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, na huanzia kwenye mirija miwili inayoshusha maji ya paa, ambayo midomo yake iko nyuma ya viti. Majani yakiiziba, maji yanamwagika ndani, chumvi inaungana nayo, na kizingiti kinaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikipendeza. Mimina kikombe cha maji kila upande na uangalie kama yanatoka chini mbele ya gurudumu la nyuma. Yasipotoka, zibua kwa uzi mnene wa plastiki kama ule wa mashine ya kukatia nyasi. Waya wa chuma utatoboa mrija, na hapo utakuwa umehamisha tatizo mahali usipopaona. Tumbo lioshwe kila wiki mbili, siku ambayo joto limevuka sifuri, na milango ifutwe ikauke kabla ya usiku.

Madereva na mafundi wa magari,
Minneapolis, Minnesota